Skrubu, Picha na Mgonjwa: Historia ya Upasuaji wa Uti wa Mgongo Ikitazamwa kutoka Moshi

Historia ya kompyuta inayomwongoza daktari kupachika skrubu katika uti wa mgongo husimuliwa kama safari ya uvumbuzi wa Ulaya. Raymond Roy-Camille alianza mwaka 1963, jijini Paris, kupitisha skrubu ndani ya pedikili, yaani kishingo chembamba cha mfupa kilicho nyuma ya pingili, na akachapisha mbinu hiyo mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa Bern, akiwamo Lutz-Peter Nolte, waliiunganisha na kompyuta. Simulizi hilo, likisomwa kutoka Moshi, ambako Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, linamwacha nje mgonjwa hadi anapokuwa tayari juu ya meza ya upasuaji.

Haja ya kompyuta ni ya kweli. Katikati ya kifua, pedikili za baadhi ya watu wazima hazifikii upana wa milimita 5, nazo zimepakana na mfereji wa neva. Pasipo kompyuta, daktari hutegemea alama za mfupa, hisia za mkono na eksirei. Kompyuta hulinganisha mfupa na picha za CT, huku kamera ikifuatilia vifaa kwa kurejelea fremu iliyobanwa kwenye pingili. Fremu hiyo ikisogea kidogo tu, kioo huendelea kuonesha picha safi, ila ya uongo; jambo ambalo wasifu wa mashine hizi hulipita haraka mno.

Tafiti zilizotumia kumbukumbu za KCMC zinataja kuanguka na ajali za barabarani kuwa visababishi vikuu vya majeraha haya. Aangukaye kutoka mtini huko Rombo au Machame huteremshwa kwanza na majirani, na mgongo uliovunjika waweza kuharibika zaidi njiani. Hata katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na kushirikiana na Weill Cornell ya New York tangu mwaka 2008, tafiti zimeonesha upasuaji ukichelewa, gharama ikiwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo kuigawa historia hii katika vipindi kwa kufuata ujio wa mashine kunapotosha: saa na siku baina ya kuanguka na kupasuliwa zina uzito zaidi. Asiyepata skrubu hulazwa chali kwa majuma kadhaa, na ndugu hufundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia.