Namba Juu ya Vipeo: Historia ya Swali la Ringel

Katika kombinatoriki, tawi la hisabati linalochunguza namna vitu vinavyoweza kupangwa, grafu ni mkusanyiko wa nukta, ziitwazo vipeo, pamoja na mistari inayounganisha baadhi yake, na mti ni grafu iliyoungana isiyo na mzunguko wowote ndani yake. Desturi ya kuvipa vipeo vya mti namba kamili ilizaliwa kama chombo cha kujibia swali jingine, ambalo Mjerumani Gerhard Ringel alilitoa mwaka 1963 katika kongamano la Smolenice, Chekoslovakia: je, mti wowote wenye mistari n unaweza kunakiliwa mara 2n+1, nakala hizo zikagawana, bila kupandana, mistari yote ya grafu ambayo vipeo vyake 2n+1 vimeunganishwa kila kimoja na kila kingine?

Njia ya kulikabili ilitoka kwa Anton Kotzig wa Bratislava na mwanafunzi wake Alexander Rosa, aliyewasilisha makala yake Roma mwaka 1966. Rosa alivipa vipeo vya mti namba tofauti kuanzia 0 hadi n, kwa sharti kwamba namba za ncha mbili za kila mstari zikitolewa, majibu yawe 1, 2, 3 hadi n, bila hata moja kujirudia. Vipeo vinne vilivyofuatana, vikiandikwa 0, 3, 1, 2, hutoa 3, 2 na 1. Sasa vipeo saba vikipangwa kwenye duara na kupewa namba 0 hadi 6, kisha mti huo wa vipeo vinne ukachorwa humo na kuzungushwa hatua moja moja hadi zipatikane nakala saba, mistari yote 21 hufunikwa, kila mmoja mara moja tu, kwa kuwa umbali wowote katika duara hilo ni 1, 2 au 3.

Rosa aliridhika kuuita mpango huo kwa herufi kavu ya Kigiriki, beta. Jina la "madaha" lilitoka kwa Mmarekani Solomon Golomb mwaka 1972, nalo ndilo lililoshika. Dai kwamba kila mti una namba za namna hiyo liliwateka wengi kiasi kwamba Kotzig aliziita juhudi za kulithibitisha ugonjwa. Kompyuta zimeikagua miti yote isiyozidi vipeo 35 bila kukuta hata mmoja unaoshindikana.

Mwaka 2020 Richard Montgomery, Alexey Pokrovskiy na Benny Sudakov walithibitisha kwamba jibu la swali la Ringel ni ndiyo kwa kila n iliyo kubwa vya kutosha, wakitumia mzunguko uleule wa duara, lakini namba zao zilitawanyika kuanzia 0 hadi 2n, kwa hiyo dai la namba za madaha, zilizo finyu zaidi, bado halijathibitishwa.