Tanzania na Oman katika Mizani ya Maendeleo

Mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa Ripoti ya Maendeleo ya Watu kwa mara ya kwanza. Nchi 130 zilipangwa humo kwa utaratibu mpya. Pato halikutazamwa peke yake. Lilichanganywa na umri ambao mtoto anayezaliwa anatarajiwa kuishi, na idadi ya watu wazima wanaojua kusoma na kuandika. Tanzania ikatajwa pamoja na Sri Lanka, Costa Rica na Jamaica, nchi ambazo watu wake walikuwa na hali bora kuliko pato lao lilivyoashiria. Oman, yenye mafuta, ikawekwa upande wa pili: fedha ilikuwapo, ila elimu na afya vilikuwa havijaifikia. Nchi hizi mbili zina undugu wa karne nyingi kupitia Zanzibar, na sijui jozi nyingine inayotufundisha vizuri zaidi jinsi maendeleo yanavyopimwa na yanavyopatikana.

Kipimo kilichotawala kabla ya hapo, yaani pato la taifa, kilizaliwa katika shida za watu wengine. Marekani ilipokumbwa na mdororo mkuu wa uchumi, Bunge la Seneti lilitaka kujua hasara imefika wapi. Mchumi Simon Kuznets akawasilisha hesabu mwaka 1934: kati ya 1929 na 1932 pato la taifa lilikuwa limepungua kwa karibu nusu. Mtaalamu huyo huyo alionya kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa katika tarakimu ya pato, na alieleza wazi kuwa kazi za akina mama majumbani hazimo. Onyo lake lilisahauliwa upesi. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, serikali zilihitaji kujua ni kiasi gani cha uzalishaji kinaweza kuelekezwa kwenye silaha, na pato la taifa likawa kipimo cha nguvu.

Miongoni mwa waliokileta kipimo hicho Afrika yumo mwanamke ambaye jina lake lingestahili kufahamika zaidi kwetu. Phyllis Deane, mchumi kijana wa Uingereza, alianza kukadiria mapato ya makoloni akiwa London, kwa kutumia taarifa za serikali. Kisha, baada ya vita, alikwenda mwenyewe Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambazo leo ni Zambia na Malawi, akakaa vijijini na kuuliza watu wanalima nini, wanakula nini, wanauza nini. Huko aligundua kwamba kanuni za Uingereza hazitoshi. Mwanamke aliyeamka alfajiri kwenda kutafuta kuni, akatwanga, akapika na kulima, kwa hesabu za London alikuwa amefanya sehemu tu ya kazi. Deane alitetea kwamba kuni na kazi nyingine kama hizo zihesabiwe, kwa sababu ukiziacha unakuwa umeliacha fungu kubwa la uchumi wa kijiji. Hakusikilizwa. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ulipotoa mfumo wake wa hesabu za taifa, kazi ya nyumbani isiyolipwa ilibaki nje. Alan Peacock na Douglas Dosser, waliochapisha makadirio ya pato la Tanganyika mwaka 1958, nao walilazimika kushughulika na swali lile lile la mahindi ambayo mkulima anayalima na kuyala bila kuyapeleka sokoni.

Hatuwezi kusema kwamba kuamua kazi ipi ihesabiwe ni suala la wahasibu tu. Serikali hupeleka fedha inakoona uzalishaji. Kazi isiyoandikwa popote haipewi bomba la maji wala zahanati.

Uhuru ulipokuja, mabishano yalihamia kwetu. Azimio la Arusha la 1967 lilikataa fikra kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo, likaweka mbele watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Miaka miwili baadaye mchumi Dudley Seers alitaka nchi iulizwe maswali matatu kabla ya kusifiwa: umaskini umepungua? Ukosefu wa kazi umepungua? Pengo kati ya walio nacho na wasio nacho limepungua? Na mwaka 1972 Walter Rodney, akiwa mwalimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha kitabu chake maarufu kilichodai kwamba huwezi kuueleza unyonge wa Afrika bila kueleza Ulaya ilichokifanya humu. Ukitazama Reli ya Kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, unaona hoja yake: ilielekezwa bandarini, na mali iliteremka nayo.

Tanzania haikuishia kwenye hoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na wakitoka hapo walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakachemsha maji. Azimio la Musoma la 1974 liliamua elimu ya msingi iwe kwa wote. Jioni, wazee waliinamia madaftari katika madarasa ya kisomo. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma; takwimu rasmi za 1986 ziliwashusha chini ya 10. Haya ndiyo yaliyoonekana katika ripoti ya 1990.

Lakini msingi wa fedha ulikuwa dhaifu. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vikala hazina, viwanda vikakosa vipuri, na mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu masharti ya mkopo. Wazazi wakaanza kuchangia gharama za shule, na katika miaka ya 1990 watoto wengi walibaki nyumbani. Karo ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, madarasa yalifurika. Kufikia sensa ya 2012, takriban mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa hajui kusoma. Nalihesabu jambo hili kuwa hasara kubwa kuliko kiwanda chochote kilichofungwa.

Oman ilipita njia iliyo kinyume. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, lakini Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970 nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali, zenye wavulana wapatao 900. Fedha ilikuwapo, walimu, wauguzi na makarani hawakuwapo. Hapo ndipo Waswahili wanapoingia. Waomani waliokulia Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa wametawanyika baada ya Mapinduzi ya 1964, waliitwa warudi. Walikuwa wamesoma, na wakashika kazi wizarani, hospitalini na madarasani. Ripoti ya Maendeleo ya Watu ya 2010 ilipopima hatua za miaka arobaini, Oman ilishika nafasi ya kwanza duniani kwa kasi. Mafuta yalilipa, lakini elimu iliyopatikana Unguja na kwingineko ndiyo iliyofanya fedha hiyo izae mapema.

Aliyebuni kipimo kilichofichua yote haya, Mahbub ul Haq wa Pakistan, aliwahi kuwa waziri wa fedha nchini mwake. Rafiki yake, mchumi Amartya Sen, alisita: maisha ya watu yatawezaje kufupishwa kwa namba moja? Haq alishikilia kwamba pato la taifa lilitawala kwa sababu ni namba moja, na ni namba moja tu itakayoweza kulipinga. Naona alikuwa na haki. Mwaka ule ule wa 1990, Tume ya Kusini, ya nchi zinazoendelea, chini ya Mwalimu Nyerere nayo ilitoa ripoti iliyodai kwamba maendeleo yatoke kwa watu wenyewe na yawahudumie wao.

Hata hivyo, pato bado ndilo linalotajwa kwanza. Kenya ilipopitia upya hesabu zake mwaka 2014, pato lake liliongezeka kwa karibu robo na ikaingia uchumi wa kati, ingawa hakuna aliyeamka siku hiyo akiwa na sahani iliyojaa zaidi. Tanzania nayo ilitangazwa na Benki ya Dunia kuingia kundi hilo Julai 2020, wastani wa pato la mtu ukiwa dola 1,080.

Kazi ambazo Deane alidai zihesabiwe zimeanza kupimwa: Tanzania iliingiza maswali ya matumizi ya muda katika utafiti wa nguvukazi wa 2006 na tena 2014, yakionyesha saa ambazo wanawake hutumia kwa kazi zisizolipwa. Kila Juni waziri anaposoma hali ya uchumi Dodoma, asilimia ya ukuaji hufika magazetini siku hiyo hiyo. Ndugu msomaji, mwandishi, mbunge: dai na saa hizo zisomwe, pamoja na idadi ya wasiojua kusoma, katika hotuba ile ile.