Vumbi la Machimbo Si Vumbi Moja

Malalamiko dhidi ya machimbo ya mawe huanzia kwenye kinachoonekana: miembe iliyopauka, nguo zilizoanikwa na kushika unga, barabara ambayo tipa likipita mtu hamwoni jirani yake. Majibu nayo huishia hapohapo. Barabara ikimwagiwa maji, lalamiko limekwisha. Udhibiti wa namna hii huondoa kero na kuiacha hatari palepale.

Chembe kubwa huanguka karibu na chimbo. Zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile ndogo, takriban chini ya mikroni 4, na jicho halizioni hata kidogo. Madhara yake hutegemea jiwe lenyewe. Mawe ya chokaa ya Kunduchi, Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Vumbi lake huwasha macho na kukereketa koo, wala si la kudharau. Matale ya Mwanza ni habari nyingine. Yana silika ya fuwele, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 1997 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Silika hiyo ndiyo huleta silikosisi, makovu ya mapafu yasiyo na tiba, ambayo mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi na kumweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, unaoweka kikomo cha mikrogramu 45 za chembe za hadi mikroni 10 kwa kila mita ya ujazo kwa saa 24, hupima uzito. Hauulizi vumbi ni la jiwe gani.

Tumtazame mgonga kokoto. Ameketi chini, jiwe amelizungushia kipande cha mpira lisiruke, uso wake uko juu ya nyundo kwa umbali usiofika mkono mmoja. Kanga aliyojifunga puani huzuia unga mkubwa tu. Kipimo kilichosimikwa mpakani mwa chimbo hakijui anachovuta mtu huyu.

Sheria nazo zipo: ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008. Lakini fidia hudai mwajiri, na anayeuza kokoto kwa ndoo hana mwajiri. (Mnunuzi, ambaye huenda ni mkandarasi wa barabara ya umma, haulizwi lolote.) Akianza kukohoa, atapimwa kifua kikuu, picha ya mapafu yenye makovu ya silika inaweza kusomwa kama ya kifua kikuu, akanywa dawa miezi 6 kisha akarudi kwenye nyundo.

Wapo watakaosema kubana machimbo ni kupandisha bei ya nyumba. Kulowesha jiwe kabla ya kuliponda, na kuchoronga kwa maji badala ya kuchoronga kukavu, hakupandishi bei kiasi hicho. Kinachotakiwa ni leseni itaje kiwango cha silika katika mwamba, hewa ipimwe pale mponda mawe anapovutia pumzi, na kliniki za kifua kikuu katika maeneo ya machimbo zimuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani, na kwa miaka mingapi.