Shehena na Behewa

Wilaya ya Kilosa, iliyo magharibi mwa mji wa Morogoro, imeshuhudia kwa zaidi ya karne moja jambo ambalo wahasibu na mafundi wa kompyuta wa zama zetu hulidhania kuwa geni, nalo ni kwamba msingi wa kazi hubadilika kabla ya kazi yenyewe kwisha, na vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya msingi wa kale hujikuta mbele ya msingi mpya usiovipokea. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa ikielekea bara, na sehemu kubwa ya shehena yake ilikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Kisha Wadachi wakaleta reli yao, iliyofika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upana baina ya pau zake mbili ukawa milimita 1,000. Kipimo hicho kikatawala tangu siku ile umbo la kila behewa, kila kichwa cha garimoshi na kila karakana ya Reli ya Kati.

Tawi lilipojengwa baadaye kutoka Kilosa, kupitia Mikumi, hadi Kidatu penye miwa ya Bonde la Kilombero, hapakuwa na taabu, kwa kuwa tawi na shina vilikuwa vya kipimo kimoja. Taabu ilikuja na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa kipimo cha milimita 1,067 ili iafikiane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Tofauti ya milimita 67, isiyofikia upana wa vidole vinne, ilitosha kulizuia behewa la Kilosa lisiende Mbeya, wala la Mbeya lisifike Kilosa. Na dawa ikapatikana Kidatu kwenyewe, ambako shehena hupakuliwa kutoka behewa la reli moja na kupakiwa katika behewa la nyingine. Mwaka 2024 kikawasili kipimo cha tatu, milimita 1,435, kwa reli ya umeme ambayo treni zake zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua hadi Dodoma tarehe 1 Agosti, nayo ikaivuka milima ya Kilosa kwa mahandaki. Reli ya kale haikung'olewa, bali inaendelea kuhudumu kando ya mpya.

Katika ofisi za hesabu mfumo endeshi wa kompyuta ndio reli, programu ndiyo behewa, na kumbukumbu za watu ndizo shehena. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa mitambo hiyo nchini, na kwa muda mrefu makarani wa mabohari, wa mashamba ya mkonge ya Kimamba na wa maboma ya wilaya wakabaki na daftari na kalamu. Marufuku yalipolegezwa, biashara nyingi zilianza na programu za DOS: dBase, Clipper, FoxPro, na Tally iliyozaliwa India mwaka 1986 na kupendwa mno na wenye maduka wa Afrika Mashariki. Zilikuwa programu nyepesi na zenye kudumu, na mhasibu aliyezizoea alivijua vitufe vyake kama mwanachuoni aijuavyo sura aliyoihifadhi.

Kisha msingi ukabadilika. Matoleo ya Windows ya biti 64 hayapokei kabisa programu za biti 16, hata kama programu hizo hazina dosari yoyote. Na tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kuitunza Windows XP, ambayo ilikuwa kimbilio la wengi. Hapo wenye biashara walikabiliwa na njia tatu, ambazo Kilosa na jirani zake wamekwisha kuzipita zote juu ya chuma.

Njia ya kwanza ni kuitunza reli ya kale. Microsoft yenyewe, ilipotoa Windows 7 mwaka 2009, iliwapa wenye matoleo ya kibiashara Windows XP nzima iendeshwe ndani ya mfumo mpya, na programu ya DOSBox huigiza kompyuta ya kale ndani ya kompyuta ya leo, hata programu ya DOS ikaamini kwamba zama zake hazijapita. Njia hii ina fadhila, lakini ina gharama isiyokwisha. Mafuriko ya mto Mkondoa, mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliibomoa reli baina ya Kilosa na Gulwe na kuisimamisha kwa miezi. Na vivyo hivyo kompyuta ya kale hufanya kazi bila lawama hadi siku diski yake ifapo, na siku hiyo aghalabu fundi aliyeielewa amekwisha kustaafu.

Njia ya pili ni kujenga upya. PlanRep, ambayo halmashauri ziliitumia kupangia bajeti zao, ilikuwa imejengwa juu ya Microsoft Access, ikikaa katika kompyuta moja moja, hata mwaka 2017 ilipoundwa upya ili itumike kwa intaneti. Malipo nayo yalipita katika Epicor, ambayo kuanzia mwaka 2012 halmashauri zilihamishiwa toleo lake la 9.05, na kuanzia mwaka 2019 ukaja MUSE, mfumo uliosanifiwa na Watanzania wenyewe, ukianzia serikali kuu na kisha halmashauri. Kila mabadiliko ya namna hii yamemdai mweka hazina wa wilaya ahakikishe kwamba salio la kufungia katika mfumo wa kale ndilo salio la kufungulia katika mpya, senti kwa senti.

Na hapo ndipo njia ya tatu, ile ya Kidatu, inapodhihiri kuwa imo ndani ya zile mbili. Kwani atunzaye cha kale na ajengaye kipya wote watalazimika siku moja kuipakua shehena na kuipakia mahali pengine. Ushuru alioulipa mkulima wa Rudewa, kodi ya pango ya duka la Mikumi lililo kando ya barabara kuu ya Iringa, mshahara na michango ya uzeeni ya mwalimu aliyefundisha Ulaya ya Kilosa miaka thelathini: hizo ni amana, na aliyeziweka hana habari ya biti wala ya matoleo. Akienda kudai haki yake akaambiwa kwamba faili lipo lakini hapana mashine iwezayo kulifungua, atakuwa amedhulumiwa sawasawa na aliyechomewa daftari lake.

Kwa hiyo wajibu wa kila mwenye ofisi ni kuitoa shehena mapema, wakati behewa la kale lingali linatembea na mjuzi wake angali kazini: anakili kumbukumbu zake katika sura ambayo programu yoyote yaweza kuisoma, azichapishe zile zilizo muhimu, na azilinganishe hesabu za pande mbili mbele ya mashahidi, ndipo auage mfumo aliouzoea. Asiyefanya hivyo hajapoteza programu tu, bali amevunja ahadi aliyowapa watu siku alipoziandika hesabu zao.