Mipaka ya Bunge na ustawi wa wananchi (Tanzania)

Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977 inautaja ustawi wa wananchi kuwa lengo kuu la Serikali. Hata hivyo, Bunge haliwezi kutunga sheria lipendavyo kwa jina la ustawi huo: ibara ya 64(5) inasema sheria inayokwenda kinyume cha Katiba ni batili. Ibara ya 30 inaruhusu haki za mtu zibanwe kwa maslahi ya umma, na kesi nyingi huanzia hapo.

Hati ya Haki iliingia katika Katiba mwaka 1984. Kabla yake mkulima hakuwa na ngao ya kikatiba. Huko Isimani, Iringa, mvutano juu ya mashamba na ujamaa ulifikia umwagaji damu tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alipouawa na mkulima.

Kesi iliyochora mpaka waziwazi ni ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakulima wa Kambi ya Simba, wilayani Mbulu wakati huo. Mwaka 1987 walifungua kesi, wakashinda na kurudishiwa shamba lao la kimila. Rufaa dhidi ya ushindi huo ikiwa bado haijaamuliwa, Bunge likapitisha Sheria Na. 22 ya 1992: ilifuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa kwa Operesheni Vijiji, kampeni ya kuwahamishia watu vijijini, ikakataza fidia, ikakomesha kesi zilizokuwa zikiendelea na kuzuia hukumu zisitekelezwe. Kwa maneno mengine, Bunge lilijivika joho la hakimu. Wakulima hao waliipinga sheria hiyo, na Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24. Hata pasipo nyumba wala mazao ya kudumu, aliyeitolea ardhi jasho anastahili fidia ya haki. Vifungu vilivyowazuia watu kwenda mahakamani navyo vilianguka.

Leo mkazi wa Soweto, Mbeya, hufungua shauri la namna hii Mahakama Kuu, ila marekebisho ya 2020 yaliweka sharti la kuonyesha kwamba ameathirika yeye binafsi. Sharti hilo liliwaumiza zaidi wanyonge, ambao mara nyingi huhitaji mtu mwingine awasemee. Na hata mkazi huyo akishinda, ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro badala ya kuifuta sheria papo hapo. Muda huo ukiendelea, sheria iliyokosolewa huhesabiwa kuwa halali.