Mlango Ufungukao Nje

Mwezi wa Januari unapokaribia, nyumba nyingi za Kenya hujaa shughuli. Baba huhesabu fedha za karo. Mama hununua sanduku la bati, godoro, sare na viatu vyeusi, na mara nyingi kufuli moja imara. Kufuli hiyo ni ya kulinda sabuni, sukari na madaftari, na ni haki yake inunuliwe. Lakini wewe msomaji, ambaye huenda utalala bwenini muhula huu, nataka nikueleze habari za kufuli nyingine, isiyotajwa katika orodha ya shule.

Mnamo Machi 1998, wasichana 26 wa shule ya sekondari ya Bombolulu, katika wilaya ya Kwale, walikufa kwa moto usiku bwenini mwao. Walipokimbilia mlango waliukuta umefungwa kwa nje, na madirisha yalikuwa na vyuma. Yafaa tujiulize vyuma vya namna hiyo huwekwa kwa nini. Havikuwekwa kwa chuki. Hukusudiwa kumzuia mwizi asiingie na, tuseme kweli, mwanafunzi asitoroke. Afungaye mlango hivyo hudhani kwamba hatari zote zatoka nje.

Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, ikawa zamu ya Kyanguli katika wilaya ya Machakos. Petroli ilimwagwa na bweni likatiwa moto wavulana wakiwa usingizini. Bweni lilikuwa na milango miwili, lakini mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Wavulana 67 walipoteza maisha, na wengi wao walizikwa pamoja katika ardhi ya shule yao.

Labda utasema kwamba lawama yote ni ya mtu aliyewasha kiberiti. Lawama anayo, na wala simtetei. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kutenga mambo mawili: jambo lililouwasha moto, na jambo lililowazuia watu kuukimbia. Moto huweza kuwashwa na mwovu, na huweza pia kuwashwa na waya mbovu au mshumaa uliosahauliwa. Kwa aliye ndani, mlango uliofungwa ni ule ule.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama wa shule. Ukiusoma baada ya kuzijua habari hizi, utaona kwamba kila sharti lina makaburi nyuma yake. Bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Milango iwe na upana wa futi 5 angalau, nayo ifunguke kwa nje. Kwa nini nje? Wafikirie watu 60 gizani, wakisukumana kuelekea mlango mmoja. Ikiwa mlango wavutwa ndani, walio nyuma huwakandamiza walio mbele, na walio mbele hawana nafasi ya kuuvuta. Umati wenyewe huwa ndiyo kufuli. Ufungukao nje, msukumo ule ule huufungua. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2, kwani moshi wa magodoro huua upesi kuliko ndimi za moto, na mtu hana muda wa kuruka vitanda. Bweni lifungwe wanafunzi wakiwa darasani. Wakiwa ndani, kamwe lisifungwe kwa nje.

Masharti hayo ni mazuri, lakini karatasi haifungui mlango. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa kwa moto katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, walikufa wavulana 21 wa shule ya msingi. Bweni lao lilikuwa na watoto zaidi ya 150. Mwongozo ulikuwa na umri wa miaka 16. Baada ya msiba huo serikali ilifunga mabweni ya shule za msingi zaidi ya 300.

Kwa maoni yangu, mwongozo ule ulikosa msomaji mmoja, naye ni mzazi. Sisi walimu twajua desturi ya siku ya kufungua: mzazi hufika ofisi ya karo, hupokea risiti, humwaga mtoto kwa maneno mema na kuwahi basi. Bweni halioni. Basi mwombe wako akusindikize na sanduku mpaka kitandani. Auguse mlango aone unaelekea wapi, ahesabu milango mingine, atazame madirisha. Kisha amwulize mwalimu wa bweni, kwa heshima zote, ufunguo wa mlango huu hulala wapi usiku.