Mlinzi Kwanza, Miti Baadaye

Desemba 2024 uchimbaji wa mchanga wa titani ulikoma Kwale, pwani ya Kenya. Kampuni ya Tiomin ya Kanada ilianza kuutafiti mchanga huo katika miaka ya 1990, Base Resources ya Australia ikauchukua mradi mwaka 2010, na shehena ya kwanza ikaondoka Likoni mwanzoni mwa 2014. Ilmenaiti, rutaili na zirkoni za vilima vile zimekwenda ng'ambo kuwa rangi za kuta na vigae vya sakafu. Wakazi wa Maumba na Nguluku walikwisha kuhama kuupisha mradi, na wengine wao wakapewa makao mapya Bwiti. Huko nyuma imebaki ardhi iliyopinduliwa na kurudishiwa mchanga wake uliooshwa, pamoja na bwawa la mto Mukurumudzi. Mapendekezo ya matumizi ya ardhi hiyo ni mengi: kilimo, viwanda, msitu, bustani ya umma. Kabla ya kuchagua, tuulize jambo ambalo historia ya Kwale yenyewe inatufundisha kuliuliza kwanza: nani atakuwa mlinzi wake?

Nasema historia ya Kwale kwa sababu eneo hili lilijua utunzaji wa ardhi ya umma kabla ya kuwako ofisi za serikali. Makaya ya Wamijikenda yalianza kama maboma ndani ya msitu. Watu walipohamia mashambani, msitu ulibaki chini ya wazee, pamoja na makaburi, fingo za kinga na miiko ya kukata mti. Ulinzi huo ulisimama kwa sababu kila mtu alijua mlinzi ni nani na adhabu ni ipi. Baadaye hatimiliki na hoteli zilipoanza kuutawala ufuo wa Diani, neno la mzee peke yake halikutosha tena mbele ya mtu mwenye cheti cha ardhi, na misitu ya kaya ikamegwa. Kuanzia 1992 serikali ilianza kuyatangaza makaya kuwa turathi za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, huku wazee wakibaki wenye miiko. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza kadhaa katika Urithi wa Dunia, Kaya Kinondo ikiwemo. Mgeni anayeingia Kinondo leo hufungwa shuka la rangi ya kiza na kuongozwa na wenyeji, katika msitu unaotambuliwa na sheria ya nchi. Mwiko na sheria vimeshikana mikono, na kila kimoja kinaziba upungufu wa kingine.

Nguvu ya ulinzi huo ilipimwa katika mlima Mrima, wenye niobi na madini adimu chini ya msitu ambao pia ni kaya. Leseni ya uchimbaji iliyotolewa mwaka 2013 ilifutwa mwaka huohuo. Kampuni iliyokuwa nayo ilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2018 madai yake yakatupwa, kwa kuwa leseni ilitolewa bila kufuata masharti ya mazingira. Hadhi ya msitu ule ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla mwekezaji hajafika, na maandishi hayo ndiyo yaliyosimama mahali pa panga na bunduki.

Wapo watakaosema kampuni yenyewe inaweza kutunza, na watatoa mfano wa Bamburi. Ni mfano mzuri kweli. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje kwenye mwamba mtupu wa machimbo ya saruji, akaleta majongoo wayasage majani yaliyoanguka yawe udongo, na leo pale pana msitu unaotembelewa na watu wa nchi nyingi. Lakini mwaka 2024 kampuni ya Bamburi ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania, na mwaka huohuo Base ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Simtuhumu mmiliki yeyote. Nasema tu kwamba kampuni huuzwa, na mti wa msitu huhitaji miaka mingi kuliko mkataba wa hisa. Mlinzi wa umma ni jambo jingine: katika bonde la Ruhr, Ujerumani, shirika la umma la kupanga ardhi na kulinda maeneo ya kijani liliundwa mwaka 1920. Mgodi wa mwisho wa makaa huko ulifungwa mwaka 2018. Mlinzi alikuwa amekaa kitini karibu karne nzima.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima: watu walioacha mashamba yao wataambiwaje kwamba ardhi sasa ni ya ndege na watalii? Hoja hii ni ya haki. Shimba Hills ilitengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na majirani wake wamezijua hasara za tembo shambani. Ndiyo sababu wenye mashamba wa Mwaluganje walipounganisha ardhi yao kuwa hifadhi ya tembo katika miaka ya 1990, sharti lilikuwa kugawana mapato. Kwa hiyo mamlaka ya umma ninayopendekeza iilinde ardhi ya machimbo isiwe uzio na askari. Iwe na viti vya wazee na wakazi, wakiwemo waliohamishwa, itenge sehemu za kulima, na maji ya bwawa yawafikie majirani. Mwingine atasema ofisi za umma nazo hula rushwa. Ni kweli, na dawa yake ni hiyohiyo ya kaya: wenyeji wenye sauti, ambao hawahamishwi kwenda kaunti nyingine.

Sheria ya Madini ya 2016 inamdai mchimbaji dhamana ya kurekebisha mazingira. Dhamana hulipia miche na kusawazisha udongo, lakini mwisho wake unajulikana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ardhi ya machimbo ni mali ya umma. Serikali ya taifa, Kaunti ya Kwale na wazee waandike sasa, kwa jina na kwa sheria, nani ni mlinzi wa ardhi hii, kabla mtu mwingine hajaiandikia hati yake.